Taa za LED kwa Miche na Mimea ya Viungo Ndani ya Nyumba: Mlaji Anunue Mwanga, Asinunue Jina

Utangulizi

Katika miji ya Mbeya na Iringa, wakazi wengi wa nyumba za kupanga hawana uwanja wa kulima. Hata hivyo, ndoo iliyotobolewa chini, kopo la rangi au trei moja ya miche hutosha kuotesha giligilani, nanaa, mrehani, vitunguu majani, au miche ya nyanya na pilipili. Wanaofanya hivyo ndani ya nyumba hukutana na swali la mwanga, na dukani hukutana na taa zinazotangazwa kuwa ni "taa za mimea", nyingi zikiwa za rangi ya zambarau na zenye bei kubwa kuliko taa ya kawaida.

Somo hili lina fundisho moja kuu. Mmea hautambui jina lililoandikwa kwenye boksi. Unachotambua ni kiasi cha mwanga kinachofika kwenye majani yake. Kwa hiyo mlaji mwenye busara hununua mwanga wala si jina, na hununua kiasi kile tu ambacho jua haliwezi kumpa bure.

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:
- kutambua iwapo miche yake inasumbuliwa na upungufu wa mwanga au na baridi;
- kusoma maandishi ya boksi la taa na kulinganisha bei kwa haki;
- kukadiria uniti za umeme zitakazotumika kwa mwezi;
- kuhakiki wati za taa kwa kutumia mita yake ya LUKU;
- kufunga taa kwa usalama na kudai haki yake bidhaa inapokuwa na kasoro.

1. Je, tatizo ni giza au ni baridi?

Nyanda za Juu Kusini zina baridi kuliko sehemu kubwa ya nchi. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na katika usiku wa Juni na Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi. Iringa nayo hupata baridi na upepo mkali katika miezi hiyo. Mbegu zinapochelewa kuota, mlaji huweza kudhani kwamba zimekosa mwanga, akaenda kununua taa.

Mbegu ya nyanya iliyofukiwa udongoni haihitaji mwanga ili iote. Inahitaji unyevu, hewa na joto. Kwenye udongo wenye nyuzi 25 huchomoza kwa siku 6 hivi. Kwenye nyuzi 15 huchukua wiki 2 hivi. Na kwenye nyuzi 10 huweza kupita mwezi mzima. Taa ya LED haitatibu hali hiyo, kwa kuwa imetengenezwa ili itoe mwanga mwingi na joto kidogo. Mlaji anayewasha taa hiyo juu ya trei ambayo haijachomoza anatumia umeme bila faida.

Dawa ya baridi ni nafuu zaidi. Funika trei kwa karatasi ya nailoni inayopitisha mwanga, iweke juani mchana, na uiingize ndani usiku, mbali na sakafu ya saruji. Ondoa nailoni miche inapochomoza ili isishikwe na ukungu. Kamwe usiweke jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa nia ya kuipatia miche joto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu waliolala.

Dalili za upungufu wa mwanga ni tofauti. Miche hurefuka kupita kiasi, shina huwa jembamba na jeupe, majani huwa madogo, na mche mzima huinama kuelekea dirishani. Ukiona hayo, ndipo taa iwe jambo la kufikiriwa.

2. Kabla ya kununua, tumia jua

Maelekezo mengi ya kuotesha miche kwa taa yameandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta. Mjini London, mchana wa mwezi Desemba haufiki saa 8. Mkulima wa huko hana budi kuwasha taa. Hali ya Mbeya si hiyo. Mchana wake mfupi kuliko yote, mwezi Juni, una takriban saa 11 na dakika 35, na ule mrefu kuliko yote, mwezi Desemba, una takriban saa 12 na dakika 40. Iringa haina tofauti kubwa na hiyo. Jua la kutosha lipo mwaka mzima. Kinachokosekana ni nafasi ya kuliingiza ndani.

Tofauti ya mwanga kati ya nje na ndani ni kubwa kuliko macho yanavyotuonesha. Mwanga unaoangukia juu ya kitu hupimwa kwa luksi. Mahali pa wazi, adhuhuri yenye jua, hufika luksi 100,000 hivi. Siku ya mawingu, mahali hapo hapo huweza kuwa na luksi 10,000 au zaidi. Ndani, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mara nyingi huwa luksi elfu chache tu, na katikati ya chumba huwa chini ya 500. Macho hujirekebisha, ndiyo maana chumba huonekana kina mwanga. Mmea hauwezi kujirekebisha hivyo.

Kwa hiyo, mwenye uwanja, kibaraza kilicho wazi au ukingo wa dirisha unaopigwa na jua saa 4 au 5 kwa siku, kwa kawaida hahitaji taa. Atoe trei nje asubuhi na kuiingiza jioni.

Kuhusu dirisha, mlaji ajihadhari na ushauri ulioandikwa Ulaya au Marekani usemao kwamba dirisha bora ni la kusini. Kwetu sisi, tulio kusini mwa ikweta, jua la miezi ya baridi hupita upande wa kaskazini. Mwezi Juni na Julai dirisha linalotazama kaskazini ndilo hupata jua zaidi. Dirisha la mashariki hupata jua la asubuhi mwaka mzima.

Anayehitaji taa, basi, ni yule ambaye chumba chake kimezungukwa na kuta za majirani, anayekaa ghorofani bila kibaraza, au ambaye hawezi kuacha trei nje kwa sababu ya kuku, mbuzi au wizi.

3. Mmea unahitaji mwanga wa rangi gani?

Mimea hutumia karibu rangi zote za mwanga ambazo jicho la binadamu huziona, kuanzia buluu hadi nyekundu. Nyekundu na buluu hutumika kwa urahisi zaidi, na hapo ndipo ilipotoka taa ya zambarau. Lakini hata rangi ya kijani, ambayo husemwa kwamba mmea huikataa, sehemu yake kubwa hutumika.

Taa nyeupe ya LED ina rangi hizo zote. Mnamo mwaka 2014 wanasayansi Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kubuni LED ya buluu yenye ufanisi, ambayo ndiyo iliyowezesha kupatikana kwa taa nyeupe. Ndani ya taa nyingi nyeupe, chembe ndogo hutoa mwanga wa buluu, na unga maalumu unaoifunika hubadilisha sehemu ya mwanga huo kuwa njano na nyekundu. Kwa maneno mengine, taa nyeupe ya kawaida inayouzwa katika maduka ya vifaa vya umeme ya Mwanjelwa au ya katikati ya mji wa Iringa tayari ni taa ya mimea.

Taa ya zambarau si bandia kwa sababu ya rangi yake, na inaweza kukuza miche. Kasoro yake kwa matumizi ya nyumbani ni kwamba huficha rangi halisi ya majani, hivyo mlaji hutambua kwa kuchelewa majani yanapogeuka njano au yanaposhambuliwa na wadudu. Pia boksi lake mara nyingi halioneshi kipimo kinachowezesha kulinganisha bei.

4. Namna ya kusoma boksi la taa

Mlaji atafute mambo yafuatayo, na yasipoandikwa aiache bidhaa hiyo.

Lumeni. Hiki ni kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, nacho ndicho unachonunua.

Wati. Hiki si kipimo cha mwanga bali cha umeme unaotumika. Gawanya lumeni kwa wati. Taa yenye lumeni 900 na wati 9 hutoa lumeni 100 kwa kila wati moja, nayo ni nzuri. Taa inayotoa chini ya 80 iachwe. Jihadhari na maneno kama "sawa na wati 60". Maneno hayo hulinganisha taa na balbu ya zamani ya waya. Wati halisi ni zile ndogo zilizochapwa karibu na volti.

Kelvini. Namba hii hueleza weupe wa taa. Kelvini 3,000 ni nyeupe yenye unjano. 6,500 ni nyeupe kama ya mchana. Kwa miche, kati ya 4,000 na 6,500 inafaa zaidi, kwa kuwa ina buluu nyingi, na buluu husaidia shina kubaki fupi na imara.

Volti. Umeme wa nyumbani nchini ni volti 230 na hezi 50. Taa iandikwe 220 hadi 240, au wigo mpana unaojumuisha namba hizo. Taa iliyoandikwa 110 pekee itaungua.

Kitako. Hakikisha kitako cha taa, kiwe cha pini au cha kuzungusha, kinalingana na holda uliyo nayo.

Alama na utambulisho. Tafuta jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Taa isiyo na jina la aliyeitengeneza haina mtu wa kuwajibika.

Ili kulinganisha bei, gawanya bei kwa lumeni. Tuchukue mfano wa hesabu. Taa ya kwanza inauzwa shilingi 4,500 na ina lumeni 900. Kila lumeni inagharimu shilingi 5. Taa ya pili imeandikwa "ya mimea", inauzwa shilingi 18,000 na ina lumeni 1,200. Kila lumeni inagharimu shilingi 15. Bila sababu nyingine ya msingi, taa ya pili ni ghali mara 3 kwa mwanga ule ule.

5. Hesabu ya trei moja

Trei ya miche ya matundu 128 au 200 ina ukubwa wa takriban sentimita 30 kwa 60, yaani mita za mraba 0.18. Miche michanga na mimea mingi ya majani hukua vizuri ikipata luksi 10,000 hivi kwa saa 14 kila siku.

Luksi 10,000 zikizidishwa kwa 0.18 ni lumeni 1,800 zinazopaswa kufika kwenye majani. Kwa kuwa sehemu ya mwanga hupotea pembeni, nunua lumeni 2,700 hivi. Hizo ni taa 3 za wati 9, zilizopangwa kwa mstari juu ya trei.

Taa hizo hutumia wati 27. Kwa saa 14 ni wati-saa 378, yaani uniti 0.378 kwa siku, au takriban uniti 11.3 kwa siku 30. Zidisha uniti hizo kwa bei iliyo kwenye risiti yako ya LUKU. Kwa mfano, kama uniti moja inakugharimu shilingi 350, trei moja itakula takriban shilingi 4,000 kwa mwezi. Mlaji ajiulize iwapo miche au majani atakayovuna yana thamani kuliko fedha hiyo pamoja na bei ya taa.

Lipo jambo jingine la kuzingatia. Kundi la bei ya matumizi madogo ya nyumbani, D1, limewekwa kwa wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi. Nyumba inayotumia uniti 70 ikiongeza 11 itafika 81 na kuvuka kiwango hicho. Kaya ya namna hiyo iwashe taa kwa trei moja tu, kwa wiki zile chache za miche, na isifanye taa kuwa ya kudumu.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, wati-saa 378 kwa siku ni mzigo mkubwa. Mtambo mdogo wa nyumbani, uliokusudiwa kuwasha taa chache jioni na kuchaji simu, hautaweza kuubeba. Jua linalopiga paneli hiyo lingefaa zaidi kupiga majani moja kwa moja.

6. Hakiki wati kwa mita ya LUKU

Baadhi ya paneli za taa za mimea hubeba namba kubwa, kama 1,000, katika jina lake, ilhali umeme unaotumika ni sehemu ndogo ya hapo. Namba hiyo hupatikana kwa kujumlisha uwezo wa juu wa kila chembe, uwezo ambao paneli haitumii kamwe. Mlaji anaweza kuhakiki mwenyewe.

Kwanza, tazama kwenye uso wa mita maandishi yenye "imp/kWh". Namba iliyo hapo hueleza idadi ya mara ambazo taa nyekundu ya mita hupepesa kwa kila uniti moja. Pili, zima na chomoa vifaa vyote, uhakikishe kwamba taa nyekundu imeacha kupepesa. Tatu, washa taa unayoipima peke yake na uhesabu.

Kama mita imeandikwa 1,000, idadi ya mipepeso katika saa moja ni sawa na wati za taa. Kwa paneli kubwa, hesabu kwa dakika 6 kisha zidisha kwa 10. Paneli ya wati 1,000 za kweli ingepepesa takriban kila sekunde 4. Ikipepesa kila sekunde 36, ni ya wati 100. Kama mita yako ina namba nyingine, gawanya idadi ya mipepeso ya saa moja kwa namba hiyo, kisha zidisha kwa 1,000.

7. Kufunga na kutumia kwa usalama

Weka taa sentimita 15 hadi 25 juu ya majani, na uipandishe miche inaporefuka. Umbali una gharama: mwanga wa balbu moja ukiwa mbali mara 2 hupungua hadi karibu robo. Taa iliyofungwa darini huangaza chumba, lakini haikuzi miche. Zungusha pande za trei kwa boksi lililopakwa rangi nyeupe au kubandikwa karatasi ya alumini ili mwanga unaotoroka urudi. Usiifunike taa yenyewe, kwa sababu sehemu yake ya nyuma huhitaji hewa ili ipoe.

Washa saa 12 hadi 16 kwa siku, na usiku uache giza. Nyanya inayowashiwa taa mfululizo hudhurika majani. Giligilani hutoa maua mapema mchana unapokuwa mrefu, hivyo iwekewe saa 12.

Taa kadhaa ndogo ni bora kuliko paneli moja ya bei kubwa. Umeme unapokatika na kurudi kwa nguvu, taa moja ikiungua hasara ni ya theluthi. Paneli ikiungua hasara ni ya yote.

Maji na umeme havikai pamoja. Zima taa na uchomoe plagi kabla ya kumwagilia. Usiache soketi ya ekstensheni sakafuni chini ya trei. Waya upitishwe ukiwa na mkunjo unaoning'inia chini ya soketi, ili tone la maji lidondoke kabla ya kufika kwenye plagi. Usining'inize taa kwa waya wake wa umeme. Tumia kamba au fremu ya mbao. Kazi ya kuongeza soketi ukutani ifanywe na fundi umeme mwenye leseni.

8. Haki za mlaji

Mlaji ana haki ya kupewa maelezo ya kweli. Sheria ya Ushindani, Na. 8 ya mwaka 2003, inakataza mwenendo wa kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoisimamia. Viwango vya bidhaa viko chini ya TBS kwa Sheria ya Viwango, Na. 2 ya mwaka 2009, na shirika hilo lina ofisi ya kanda mjini Mbeya.

Ili haki hiyo iwe na nguvu, mlaji afanye mambo manne: aombe taa iwashwe dukani kabla ya kulipa, adai risiti ya EFD, ahakikishe muda wa dhamana umeandikwa juu ya risiti au kadi, na atunze boksi lenye maandishi ya wati na lumeni. Taa ikiwa na kasoro, airudishe kwanza kwa muuzaji akiwa na vitu hivyo. Akikataliwa, apeleke malalamiko kwa taasisi husika pamoja na vielelezo hivyo hivyo.

9. Maswali ya kujipima

Swali la 1. Mbegu za nyanya zimekaa siku 12 mwezi Julai bila kuchomoza. Je, uongeze taa?
Jibu: Hapana. Ongeza joto kwa nailoni na jua la mchana. Taa huhitajika baada ya kuchomoza.

Swali la 2. Taa ina wati 12 na lumeni 840. Je, inafaa?
Jibu: 840 ukigawa kwa 12 ni 70. Iko chini ya 80, kwa hiyo tafuta nyingine.

Swali la 3. Taa 2 za wati 10 zinawashwa saa 12 kila siku. Zitatumia uniti ngapi kwa siku 30?
Jibu: Wati 20 kwa saa 12 ni wati-saa 240, yaani uniti 0.24 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 7.2.

Swali la 4. Muuzaji asema, "Hii ni ya mimea, ndiyo maana haina lumeni." Utamjibu nini?
Jibu: Mwombe boksi au karatasi yenye kipimo chochote cha mwanga. Akikosa, hakuna njia ya kujua unachonunua. Nunua taa nyeupe iliyoandikwa lumeni.